Matandiko ya hosteli yanayopitisha hewa: maswali mnayouliza kila muhula (Malindi na Lamu)

Kila vyuo vikichukua wanafunzi, iwe Januari, Mei au Septemba, maswali huwa ni yaleyale, na wengi wanauliza wakiwa washanunua. Mimi ni wa Lamu nikaja kusomea Malindi, nimelala hosteli ya mabati miaka mitatu, na sai kila mdogo wangu akiingia chuo ni mimi napigiwa simu dukani, "shuka hili je?" Basi nimeyaweka yote hapa. Yaliyo rahisi yako juu, ya hali maalum yako chini.

## Mambo ya mwanzo

Shuka "linalopitisha hewa" ni lipi hasa?

Ukilala mwili unatoa joto na unatoa unyevu, hata usiku ambao huhisi jasho. Shuka zuri lafanya kazi tatu: linaacha hewa ipite kati ya nyuzi zake, linanyonya ule unyevu ukutoke kwenye ngozi, alafu linakauka haraka. Watu wengi wanaangalia hizo mbili za kwanza tu wanasahau ya tatu, na huku kwetu hiyo ya tatu ndio inaamua. Bara jua likizama hewa ni kavu na jasho lakauka lenyewe, lakini pwani hewa yenyewe ishajaa maji, kwa hivyo kitambaa kizito hata kama ni pamba tupu kitanyonya jasho lako kikae nalo mpaka asubuhi. Ukiamka shuka limekugandama mgongoni, hilo ni shuka zito au ni polista, moja wapo.

Kwa hivyo ukitaka jibu la haraka kabla hujaingia dukani: pamba, nyembamba, na ufumaji wa kawaida usiong'aa.

Joto si ni joto tu, shuka litanisaidia nini?

Shuka halileti baridi, ni kweli. Lakini linaweza kukuzuia usipoe, na hapo ndipo tofauti ilipo. Nyumba za zamani za Lamu zilijengwa kwa matumbawe, kuta nene, na kiwanda, yaani ua wa ndani, kiko wazi katikati upepo ushuke ndani, mtu alala mchana wa Februari na hana shida. Rumu ya hosteli ni bloki na mabati, dirisha moja, watu wanne, na ile bloki yameza jua mchana kutwa alafu yatema joto usiku wakati wewe ndio unajilaza. Nyumba huwezi kuibadilisha, wala feni si yako peke yako, na stima zikipotea hata hiyo feni hakuna. Kilichobaki mkononi mwako ni kile kinachogusa ngozi yako saa saba za usiku.

Ninunue nini kwa kuanzia?

Mashuka mawili ya kulalia, foronya mbili, leso au kikoi cha kujifunika, mto, na neti. Basi. Duveti wacha, blanketi zito wacha, na zile seti za kung'aa zenye vitu saba ndani ya mfuko wa plastiki ziwache hapo hapo dukani, manake unalipia mito ya urembo ambayo italala chini ya kitanda. Pesa ikiwa kidogo kabisa anza na shuka moja zuri na neti, vingine vitakuja. Mashuka mawili nayasisitiza kwa sababu ya masika, shuka likifuliwa Aprili laweza kukaa siku mbili halijakauka.

Miezi gani ni mibaya zaidi?

Kaskazi, yaani kuanzia Disemba hadi Machi, jua ni kali lakini angalau upepo upo. Kipindi kigumu ni mwisho wa kaskazi kabla kusi halijashika, mwezi wa tatu kuingia wa nne, upepo unasimama na fukuto linakaa ndani ya rumu kama limefungiwa mlango. Alafu yaja masika, joto lapungua kidogo lakini unyevu wazidi, hapo tatizo ni koga au kawa, vile vidoa vya unyevu (angalia sehemu ya kufua). Kusi likishavuma, Juni mpaka Septemba, utalala raha na huenda hata ukataka kitu kizito kidogo cha kujifunika alfajiri. Ukinunua matandiko Julai usijipime na hali ya Julai, jipime na Machi.

## Kitambaa

Pamba, polista, mikrofaiba: tofauti ni nini?

Pamba ikiwa kwenye hewa ya kawaida hubeba unyevu kama asilimia 8 ya uzito wake na bado ukaiona kavu. Polista hubeba chini ya asilimia 1, kama 0.4 hivi. Maana yake jasho lako kwenye polista halina pa kwenda, labaki kati ya ngozi na shuka, na ndio ule utelezi unaousikia usiku. Mikrofaiba si kitu kingine, ni polista hiyohiyo iliyosokotwa kwa nyuzi nyembamba sana na ikafumwa imebanana, ndio maana ni laini ukiipapasa dukani, na ndio maana ni moto ukiilalia. Ulaini wa dukani umewadanganya wengi.

Lebo imeandikwa cotton lakini natokwa jasho jingi, kwa nini?

Soma tena lebo polepole. "100% cotton" ni pamba. "Cotton feel", "cotton touch", "cotton rich" si ahadi ya pamba tupu, mbili za kwanza mara nyingi ni polista iliyofanywa laini, na ya tatu ni mchanganyiko. Mimi duka moja Malindi niliuziwa shuka la "pamba ya Misri", nimeambiwa kwa mdomo na kuapiwa, kufika hosteli nikachomoa uzi nikauchoma ukayeyuka kama mfuko wa nailoni. Niliumia, manake zilikuwa pesa za mamangu. Tangu siku hiyo maneno ya mwenye duka nayasikia lakini siyategemei, natumia vipimo vya swali linalofuata.

Nitajuaje pamba ya kweli nikiwa bado dukani?

Kwanza weka mdomo kwenye kitambaa kikiwa tabaka moja tu, puliza, na uweke kiganja upande wa pili. Pumzi ikifika kwenye kiganja, hewa inapita. Isipofika, hata usiku haitapita. Pili kiinue kwenye mwanga, uone nukta ndogo ndogo za mwanga zilizotawanyika sawasawa. Tatu kikunje kwenye ngumi uhesabu mpaka kumi ufungue, pamba hubaki na makunyanzi, polista hurudi kama haikuguswa. Makunyanzi ndio dalili nzuri, usiyaogope.

Tone la maji pia lasaidia, kwenye pamba lazama na kwenye polista lasimama kama shanga, ingawa pamba mpya iliyotiwa wanga kiwandani huchelewa kunywa maji, usiihukumu kwa hilo peke yake. Kipimo cha uhakika zaidi ni moto, na hicho fanya nje ya nyumba, na uzi mmoja tu, umeushika kwa kibanio: pamba yaungua kama karatasi na jivu lake ni laini la kijivu, polista yajikunja, yayeyuka, na yabaki kidonge kigumu cheusi. Mchanganyiko hukupa vyote viwili.

Thread count 1000 si ndio bora kuliko 200?

Kwa hosteli ya Malindi, hapana. Hiyo ni hesabu ya nyuzi kwenye inchi moja ya mraba, za kwenda na za kukata. Kuna mwisho wa nyuzi zinazoweza kuingia kwenye inchi moja, na ili kufika 800 au 1000 viwanda vingi vinachukua uzi uliosokotwa kwa nyuzi mbili tatu na kuuhesabu kila mmoja peke yake. Unachopata ni shuka nene, zito, lililobanana. Wewe tafuta kati ya 180 na 300.

Kikubwa kuliko namba ni ufumaji. Ule wa kawaida uzi mmoja wapita juu mmoja chini, kitambaa ni kikavu mkononi na haking'ai, na hiki ndicho chetu, kwenye pakiti utakuta "percale". Ule unaong'aa, "sateen", uzi waruka juu ya nyuzi kadhaa kabla ya kuingia chini, wateleza vizuri lakini washika joto zaidi.

Polikotoni, ule mchanganyiko wa pamba na polista, je?

Sitaikataza. Kama pesa haitoshi pamba tupu, ya nusu kwa nusu si mbaya, ina faida ya kukauka haraka na kudumu, na kwa mtu anayefua kwa mkono hilo si jambo dogo. Ikiwa polista ni 65 kwa 35 hapo naona heri ushone marekani (swali liko chini).

Na za mianzi, satini, hariri?

Shuka la "mianzi" kwa kawaida ni viskosi, yaani mti uliyeyushwa kwa kemikali ukatolewa uzi. Lina baridi nzuri sana na lanyonya jasho kushinda pamba, tatizo lake ni udhaifu likilowa, ukilifikicha kwa mkono kama unafua jinzi halimalizi mwaka. Satini ni jina la ufumaji, si jina la uzi, na zinazouzwa nyingi ni polista. Dada zangu wanaoitaka kwa sababu ya nywele, funga kilemba chepesi cha satini kichwani, lakini foronya na shuka viwe pamba. Hariri ya kweli ni nzuri, ila si ya hosteli ambapo unafua kwa beseni.

Kitani (linen)?

Ni bora kuliko vyote kwa hali yetu, hubeba unyevu mwingi na hukauka upesi. Bei yake ni ya wageni wa hoteli, lakini mitumbani wakati mwingine hupita na wenye kujua huchukua mapema. Angalia swali la mitumba.

## Vilivyo karibu na nyumbani

Leso au kikoi si vyatosha?

Kwa kujifunika vyatosha kabisa, na hapa ndipo roho yangu ilipo. Watu wanahangaika na duveti huku mama zao wana leso kumi kabatini zilizofuliwa mpaka zikawa laini kama jani la mgomba changa. Leso kuukuu ya pamba ndiyo kitambaa bora cha kulalia nilichowahi kugusa. Ila ipime kabla (vipimo vya juu), manake siku hizi kuna leso za polista zinazong'aa rangi na zimejaa madukani. Kikoi ni kizito kidogo kuliko leso, ni kizuri wakati wa kusi.

Kwa kutandika, kipande kimoja cha leso ni kifupi, kina kama mita 1.5 kwa 1.1 na godoro la futi sita ni mita 1.83. Fanya hivi: chukua doti nzima, ikate katikati kama kawaida, alafu usiunganishe ncha kwa ncha, unganisha upande mrefu kwa upande mrefu. Utapata kama mita 2.2 kwa 1.5, na hiyo yatosha godoro la 3 kwa 6 la inchi nne na inabaki ya kuchomeka. Mwambie fundi mshono aulaze bapa usikuchome mgongoni. Leso mpya zifue peke yake mara tatu nne kwanza, rangi hutoka na jasho huichukua ikaingia kwenye godoro na ngozi.

Kushonesha kwa fundi ni rahisi kuliko kununua?

Mara nyingi ndio, na unajua unalalia nini. Uliza marekani, ile pamba tupu ambayo haijapaushwa, jina lake lilitokana na vitambaa vilivyokuwa vikiletwa na meli za Marekani karne ya 19. Siku za kwanza ni ngumu ngumu na ina wanga, ikishafuliwa mara tano inalainika na kila mwezi inazidi. Ukitaka nyembamba zaidi kuna melimeli, ila hiyo ni ya kujifunika, ukiitandika itararuka mapema. Poplini ya pamba nayo ni nzuri.

Kipimo cha godoro la 3 kwa 6 lenye unene wa inchi sita: kitambaa cha upana wa inchi 60, urefu mita 2.6 kwa kila shuka. Kiloweke usiku mmoja na ukianike kabla hakijakatwa, pamba hurudi (hupungua). Ukiwa na safari ya Mombasa, Biashara Street ndiko kwenye chaguo kubwa, lakini hata Malindi na Lamu mjini vinapatikana. Na ukipita Mpeketoni, pamba yalimwa pale pale Lamu kaunti, jambo linalonifurahisha kila nikitandika.

Bafta si ni ya sanda, nitailalia vipi?

Swali hili huulizwa kwa sauti ya chini na nalielewa. Bafta ni pamba nyembamba nyeupe na kwa kupitisha hewa haina kasoro, lakini kama moyo wako unasita kila ukiitazama basi usingizi hautakuja, na kitanda ni cha usingizi. Itie rangi, au chukua poplini ya rangi. Bibi yangu hangekubali bafta kitandani na hatukubishana naye.

Mashuka ya mitumba ni salama?

Ni salama ukiyashughulikia, na kwa kweli ndiko pamba nzuri ya zamani iliko, iliyokwisha kulainika. Angalia katikati ya shuka kwenye mwanga, hapo ndipo panapochakaa kwanza. Angalia pindo na mishono kama kuna vidoa vyeusi vidogo, hiyo ni dalili ya kunguni. Ukifika, usiliweke kitandani, lipeleke moja kwa moja kwenye maji ya moto sana, lianike juani, alafu lipige pasi ya moto, mishono hasa.

## Godoro, mto, neti

Godoro la hosteli limevalishwa nailoni, nifanye nini?

Ile nailoni ya kiwandani kama ni godoro lako itoe, wengi huiacha ili godoro lisichafuke na wanalala juu ya plastiki miaka miwili, shuka la pamba hapo halina kazi. Kama godoro ni la hosteli na huruhusiwi kuitoa, weka kitu kati ya nailoni na shuka: blanketi la pamba kuukuu lililokunjwa, au mkeka.

Mkeka wa miyaa juu ya godoro, chini ya shuka, ni jambo nililolifanya mwaka wangu wa pili na sikurudi nyuma. Unaacha nafasi ndogo ya hewa chini ya mgongo, na ubaridi wake unausikia papo hapo. Uwe ule uliosukwa laini, na uanike juani kila wiki.

Godoro langu limeota weusi chini.

Ni koga. Jasho lashuka kupitia sponji, likifika chini likakuta sakafu au ubao usio na tundu lakaa hapo. Godoro lisilale sakafuni. Kitanda chenye chaga zilizoachana ndicho kizuri, na kama ni ubao mzima omba utobolewe, au uinue godoro liegemee ukutani kila asubuhi unapokwenda darasani hata saa mbili tu. Sponji ya kukumbuka umbo la mwili, ile memory foam, kwa joto letu siipendekezi, inakumeza na joto linabaki humo.

Mto gani?

Mto wa sufi. Nyuzi za sufi ni tupu ndani, nyepesi, na hazinyonyi maji, kwa hivyo mto haulowi jasho. Haufuliwi, wafua foronya tu, mto waanikwa juani na kupigwapigwa ufumuke. Mito ya vipande vya sponji ni moto na yabana. Mwenye pumu asome swali lake chini kwanza.

Neti yanizibia hewa, naweza kulala bila?

Usilale bila. Najua yapunguza upepo, si hisia zako tu, ni kweli, lakini pwani malaria ipo na wiki ya mtihani ukiwa na homa hakuna shuka litakalokusaidia. Punguza makali: chagua neti ya mstatili badala ya ile ya mviringo, inakaa mbali na uso na hewa yazunguka ndani. Feni ielekezwe kutoka ubavuni, si kutoka juu tu. Na leso za kuning'iniza kwa ajili ya sitara zifunge upande wa mlango peke yake, upande wa dirisha uache wazi.

Neti ya dawa ioshe kwa sabuni ya kawaida na maji baridi, bila jiki, na ianike kivulini manake jua laua ile dawa. Hapa ni kinyume na mashuka.

## Kufua na kuanika

Maji ya kisima yana chumvi, mashuka yamekuwa magumu.

Hili ni letu kabisa. Maji ya chumvi hayatoi povu, kwa hivyo mtu huongeza sabuni, na sabuni isiyotoka pamoja na chumvi vinabaki ndani ya nyuzi. Chumvi nayo huvuta unyevu wa hewa, ndio maana shuka umelianua kavu saa tisa na saa nne usiku laonekana bichi. Sio uchawi. Fulia maji hayo ya kisima ikibidi, lakini maji ya mwisho ya kusuuza yawe matamu, ya mfereji au ya mvua, hata ndoo moja tu. Siki vijiko viwili kwenye ndoo hiyo husaidia kulainisha. Zile dawa za kulainisha nguo zenye harufu usitumie kwa mashuka, zapaka nyuzi na pamba haitanyonya tena vizuri.

Nifue kila baada ya siku ngapi?

Wiki moja, na foronya siku tatu nne. Machi, punguza hizo siku.

Nianike vipi yasiote kawa?

Jua kali, peupe, na uanue kabla ya magharibi. Shuka likiachwa nje mpaka isha hurudi na umande na ile chumvi ya upepo. Usilikunje likiwa na joto la jua, liache lipoe kwanza. Wakati wa masika kama halikukauka lining'inize ndani chini ya feni, usiliweke kabatini ati litamalizikia huko. Vidoa vya kawa vikishaingia ndani ya pamba havitoki kirahisi.

## Hali maalum

Nalala deka la juu, chini ya mabati.

Joto hupanda, na huko juu ndiko liliko. Omba kubadilishana kwa mwezi wa tatu na wa nne kama mwenzio ni muungwana. La sivyo, mkeka, shuka la leso, usiwe na godoro nene la kukuinua karibu na bati, na kichwa kielekee dirishani.

Kulowesha leso na kujifunika ni sawa?

Wakati wa kaskazi kukiwa na upepo au feni, ndio, ikamue kabisa iwe na ubichi tu, maji yakiondoka yaondoka na joto lako. Lakini usiku ambao hewa imesimama maji hayaondoki, utalala kwenye ubichi na godoro litaota koga. Hakuna upepo, usiloweshe.

Nimebadilisha shuka na bado nafukuta.

Angalia umevaa nini. Madera mengi ni polista, na unalala ndani yake umezungukwa pande zote, shuka la pamba halijagusa ngozi yako hata kidogo. Dera la viskosi au la pamba, au leso ya kifuani, ndio ulale nayo.

Harara mgongoni na shingoni.

Vipele vya joto hutokana na jasho kuziba kwenye ngozi. Oga maji baridi kabla ya kulala, jikaushe vizuri, lalia pamba nyembamba iliyosuuzwa vizuri, na usipake mafuta mazito usiku. Vikiwa na usaha au vikaleta homa nenda kliniki.

Nina pumu.

Vidudu vya vumbi hupenda unyevu, na pwani ni kwao. Acha sufi, chukua mto wa nyuzi za kutengenezwa unaofulika wote, na uufue. Maji ya kufulia mashuka yawe ya moto, kama digrii 60, kama hosteli haina basi jua na pasi ya moto. Mkeka upanguswe, usikung'utwe ndani ya rumu.

Nahitaji kinga ya godoro siku za hedhi, lakini plastiki ni moto.

Usitandike plastiki kitanda kizima mwezi mzima. Chukua taulo kuukuu, lishonee kipande kidogo cha nailoni chini, litandike chini ya kiuno kwa siku zile tu, alafu litoe.

Shuka lalowa chepechepe kila usiku hata wakati wa kusi.

Hapo si shuka tena. Ikiwa wenzio rumu hiyohiyo wako sawa na wewe walowa, na una kikohozi cha zaidi ya wiki mbili, au umekonda, au una homa za jioni, nenda hospitali upimwe, kifua kikuu na malaria vyote huleta jasho la usiku na vyote vyatibika. Usikae ukibadilisha mashuka.

Nahama, naenda kusomea Eldoret. Nitupe haya mashuka?

Usitupe hata moja. Tandika hilohilo la pamba, na juu yake ndio uongeze blanketi zito ukifika huko. Ukinunua mikrofaiba kwa kuogopa baridi, utatoka jasho chini ya blanketi alafu ule ubichi ndio utakaokupa baridi saa kumi alfajiri. Leso ya mama ibebe pia, utaifunga kichwani.